Kigimbi Kinapokaza Usiku wa Manane

Mama mjamzito unayetusikiliza, kigimbi kinapokaza ghafla usiku, hasa mimba ikiwa imepita miezi sita, msaada wa kwanza hautoki dukani. Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, kisha tembea kidogo. Msuli ukivutwa hivyo huachia. Wapo watakaouliza: mbona jirani alimeza vidonge vya magnesi akapona? Huenda vilimsaidia, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaviruhusu, pamoja na kalsiamu. Lakini mkazo huu huja na kuondoka wenyewe, na tafiti zilizolinganisha magnesi na vidonge visivyo na dawa zimetoa majibu yanayopingana. Kupona baada ya kumeza, basi, hakuthibitishi kwamba kidonge ndicho kilichoponya. Ukivitaka, muulize kwanza mkunga wako kliniki, maana kalsiamu ikimezwa pamoja na vidonge vya kuongeza damu huzuia madini ya chuma kufyonzwa vizuri.

Maumivu yasiyoachia ni jambo jingine kabisa. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma mfululizo, usiukande: huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.