Miwani ya Theluji na Siku ya Bendeji
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Machakos)



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya ombi lililoletwa katika mkutano uliopita, yaani kwamba Chama kitoe fedha za mfuko wa ustawi kununua miwani ile ya kielektroniki ambayo mgonjwa huvaa ili apunguziwe uchungu anaposafishwa kidonda. Wengi mwajua ombi lilivyoanza. Mjukuu wa mzee mmoja wetu, msichana wa miaka saba, alimwagikiwa uji wa moto pajani. Katika hospitali alikotibiwa, kilio chake kilisikika hadi langoni, na mama yake alikuwa amezuiwa kuingia. Mtoto yule akawa azijua siku za juma kwa bendeji zake: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hakula kitu asubuhi kwa hofu.

Basi tumeuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kazi hii ilianza mwaka 1996 huko Seattle, Marekani, kwa Hunter Hoffman na David Patterson, wataalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington. Miwani hufunika macho kabisa, na mvaaji hujiona yumo katika nchi nyingine. Akigeuza kichwa huona upande mwingine wa nchi ile. Jambo hilo huitwa uhalisia pepe. Kwa wagonjwa waliochomwa na moto walitengeneza nchi ya barafu, yenye watu wa theluji na ndege penguini, na mgonjwa huwarushia madonge ya theluji wakati muuguzi anafanya kazi yake. Mwaka 2000 walitoa taarifa ya vijana wawili, wa miaka 16 na 17, ambao uchungu wao ulipungua walipovaa miwani kuliko walipocheza mchezo wa kawaida wa kompyuta. Mwaka 2004 picha za ubongo wa watu wazima wenye afya, waliojitolea kuguswa na joto kali mguuni, zilionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazopokea maumivu zilipungua kazi.

(Theluji si ngeni kwetu kama mnavyodhani. Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui mwezi wa Desemba 1849, na wataalamu wa Ulaya wakabisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Wazee wetu walikuwa wakiuita Kiinyaa zamani.)

Sababu yake si uchawi. Uchungu hutaka akili ya mtu iuelekee, na akili iliyokwenda mbali haina nafasi ya kuupokea wote. Nyanya zetu walilitumia jambo hili kila walipotoa mwiba mguuni mwa mtoto: sungura alipofika penye hila yake, mwiba ulikuwa umekwisha toka.

Lakini yatupasa kusema kweli yote, hata ikimhuzunisha mzee wetu. Huko Seattle miwani haikuchukua mahali pa dawa. Wagonjwa walipewa dawa zao kali za maumivu, na miwani ikaongezwa juu yake. Aliyeungua usoni hawezi kuivaa. Wengine hushikwa na kichefuchefu, na mwenye kifafa sharti daktari aulizwe kwanza. Kila akiivua mgonjwa mmoja, lazima isafishwe vema kabla ya kumvisha mwingine, kwa kuwa kidonda cha moto huingiwa na vijidudu upesi. Tena watengenezaji huweka umri wa chini, mara nyingi miaka kumi au zaidi. Yule msichana wa miaka saba, ambaye kwa ajili yake ombi hili lililetwa, asingeruhusiwa kuivaa pasipo shauri la daktari.

Tulipofika hapo, baadhi yetu tulitaka ombi litupwe. Wengine tulikataa, kwani wapo vijana wa miaka kumi na mitano wanaoungua kwa petroli na kwa mafuta ya kukaangia, na kilio chao nacho ni kilio.

Kwa hiyo twaleta mashauri mawili. Kwanza, mwaka huu fedha zitoke kwa ajili ya nauli na chakula cha ndugu mmoja wa kukaa na kila mtoto wa wanachama siku ya bendeji, na wajumbe watatu waende kuwaomba wakuu wa hospitali wamruhusu ndugu huyo kuingia, na dawa ya maumivu itolewe mapema, ianze kufanya kazi kabla bendeji haijaguswa. Pili, wajumbe hao hao wawaulize wauguzi kama wangeitumia miwani moja na nani angeitunza. Wakikubali, tutachanga kando, pasipo kuugusa mfuko.

Mzee mwenye ombi amekwisha kubali kuwa mjumbe wa kwanza. Nafasi mbili zimebaki, na daftari la majina liko mezani kwa Mweka Hazina.