Alikuja kwa Miguu

Hotuba ya kamati kwa wana wa Igembe Kusini, siku ya harambee



Wengi wetu tunakumbuka uchaguzi wa mwaka 2017. Kijana wa miaka 23, John Paul Mwirigi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, alipita nyumba kwa nyumba akiomba kura za ubunge. Gari hakuwa nalo. Chama hakuwa nacho, alikuwa mgombea huru. Pesa za mabango pia hakuwa nazo. Wengine wetu tulidhani anatania. Siku ya kura alipata 18,867, na mgombea wa Jubilee, chama kilichokuwa na nguvu kote Meru, akapata 15,411. Mwaka 2022 tukamrudisha bungeni.

Hatusemi haya ili kumpigia mtu debe. Chama chetu si cha siasa, na ndani yake wamo waliompigia kura na wasiompigia. Tunayasema kwa sababu siku ile sisi wenyewe tulikubali jambo moja: mtoto wa maskini anaweza kupewa kazi ya umma, mradi amesoma na yuko tayari kuwasikiliza watu.

Sasa tujiulize. Mtoto wa aina hiyo yuko wapi leo? Mara nyingi yuko shambani, anachuma miraa wakati wenzake wako darasani. Si mvivu. Alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akaonja pesa ya siku, na shule ikamtoka moyoni. Nasi tunajua jinsi mifuko ya wazazi ilivyopungua tangu Uingereza ipige marufuku miraa mwaka 2014.

Mbunge ana wajibu wake, nasi tutamdai hesabu, awe kijana au mzee. Basari ya NG-CDF husaidia, lakini waombaji ni wengi kuliko fungu. Tukimwachia mbunge kila kitu, tutakuwa tumemtuma mtu mtoni na kumnyima mtungi.

Basi mchango wa mwaka huu wote ni wa karo, kwa wadi zote tano: Maua, Kiegoi/Antubochiu, Athiru Gaiti, Akachiu na Kanuni. Pesa zitalipwa moja kwa moja shuleni, hazitapitia mkononi mwa mwanakamati yeyote, na majina ya shule na viwango tutawasomea hadharani mkutano ujao. Nasi pia ni watumishi wenu, tudaini hesabu.

Kutoa ni moyo, si utajiri. Mwenye elfu alete elfu, mwenye mia alete mia. Tafadhali usiondoke kabla hujajaza kadi yako.