Mabomoko ya Orval na Matofari Yetu

(Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa parokia, mbele ya Wakristu na wageni wao, kwa kutayarisha siku kuu ya Yubile)



Baba Paroko aliniomba nizungumze nusu saa juu ya safari niliyoifanya katika inchi ya Ubelgiji, kwa maana alijua kama nilifika kwenye monasteri ya Orval. Nilimjibu kwamba mwalimu mzee akipewa nusu saa hutwaa saa mbili, tena mama zetu wanaopika kwa ajili ya siku kuu hawapendi hotuba ndefu. Lakini nilikubali, kwa sababu tangu siku ile nilipoingia katika mabomoko yale kuna jambo linalonisumbua moyo, na jambo lenyewe linahusu parokia hii. Nitalifikia. Niachieni kwanza niwaongoze huko polepole, kama vile mimi nilivyoongozwa.

Orval iko upande wa kusini wa Ubelgiji, katika provinsi ya Luxembourg, karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa. Ni bonde lililozungukwa na misitu, na jina lake hufasiriwa kuwa Bonde la Zahabu. Wamonaki wa kwanza walifika pale mwaka 1070, wakitoka kusini mwa Italia; bwana wa inchi ile, Arnould wa Chiny, akawapa udongo wa kujenga. Hawakudumu. Kisha miaka makumi ine hivi waliondoka, wakaja mapadri wengine kushika mahali pao, na mwaka 1132 wakaja Wasisterisia kutoka monasteri ya Trois-Fontaines katika Ufaransa. Hao ndio waliosimamisha kanisa kubwa ambalo kuta zake zingali zinaonekana hata leo.

Kuna hadisi moja ambayo kila mgeni husimuliwa. Mathilde, mke wa mkubwa wa Lorraine, aliyekuwa amefiwa na mume wake, aliketi karibu na chemchemi ya bonde lile, na pete yake ya ndoa ikaanguka ndani ya maji. Akamwomba Bikira Maria. Mara samaki akatokea juu ya maji, akiwa na pete kinywani. Mathilde akasema kwamba hakika bonde hili ni la zahabu, naye akatoa mali ili monasteri ijengwe. Mimi nimefundisha hesabu miaka mingi, na sikuweza kujizuia: mume wa Mathilde alikufa mwaka 1076, na wamonaki walikwisha kufika mwaka 1070. Hesabu haikubali. Lakini chemchemi yenyewe ipo, niliinama nikayatazama maji yake, ni meupe kabisa, na yanatumiwa hata sasa katika monasteri na katika kiwanda chao cha bia. Samaki mwenye pete mumekwisha kumwona labda, ninyi wanaume mnaocheka huko nyuma, kwa sababu picha yake iko juu ya chupa za bia ya Orval.

Monasteri ile iliteketezwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1637, wakati wa vita, askari wa Marshali de Châtillon waliichoma moto. Wamonaki wakaijenga tena kwa taabu. Katika karne ya 18 walikuwa matajiri, hasa kwa viwanda vyao vya kuyeyusha chuma, na kutoka mwaka 1759 fundi mkubwa Dewez aliwachorea monasteri mpya kubwa mno, kubwa kuliko walivyohitaji, kwa maoni yangu. Kazi ile haikupata nafasi ya kuzeeka. Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, askari wa Jenerali Loison walifika, wakanyang'anya, wakachoma. Wamonaki wakatawanyika. Zaidi ya miaka 130 bonde lile halikusikia tena Zaburi zikiimbwa.

Na katika miaka ile watu walifanya nini? Walifanya kama watu wa mahali pote. Kuta zilikuwa zimesimama bila mwenyewe, basi wakaja kuchukua mawe. Msinione kama ninawahukumu. Mutaona sasa hivi kwa nini.

Mwaka 1926 jamaa ya de Harenne, iliyokuwa na mabomoko yale, iliyarudishia shirika la Wasisterisia. Mmonaki mmoja, Padri Marie-Albert van der Cruyssen, akapewa kazi ya kujenga upya. Alikuwa mtu wa akili nyingi kwa kutafuta feza. Tangu mwaka 1928 posta ya Ubelgiji iliuza tembri zenye bei ya nyongeza, na ile nyongeza ilisaidia kujenga Orval. Mwaka 1931 wakafungua kiwanda cha bia kwa sababu ileile. Baadaye Orval ikawa tena abasia yenye abate wake, na mwaka 1948 majengo yakamalizika.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipopata fundisho. Walipojenga upya, hawakujenga juu ya kanisa la zamani. Monasteri mpya waliiweka juu ya misingi ya ile ya karne ya 18, na kanisa la karne za kati waliliacha kando, likiwa mabomoko. Hawakuliezeka. Hawakutwaa mawe yake kwa kujengea lile jipya, ijapokuwa walikuwa maskini wa mawe na wa feza. Kwa hiyo leo mgeni anaona vitu viwili pamoja: upande mmoja wamonaki wanaoishi, wanaosali na kufanya kazi, ambao mgeni haingii katika maskani yao, upande mwingine kuta zisizo na paa, majani yakiota mahali pa sakafu.

Niliingia asubuhi, baada ya mvua. Katika kanisa lile nguzo zingali zimesimama, na vichwa vya nguzo vimechongwa kwa ufundi ambao hata mimi nisiyejua kazi ya mawe niliushangaa. Juu katika ukuta wa upande wa kaskazini kuna dirisha kubwa la mviringo lililochongwa kama ua; vioo havipo tena, unaona mawingu yakipita ndani yake. Mahali pa altare kuna kaburi la Wenceslas, mkubwa wa Luxembourg, aliyekufa mwaka 1383. Njiwa walikuwa wakiruka juu yetu. Mzee mmoja wa Kibelgiji tuliyekuwa naye alivua kofia yake, hali hakuna aliyemwambia, wala hakuna altare, wala taa ya Sakramenti. Nikavua yangu.

Kutoka hapo mtu hushuka katika vyumba vya chini ya udongo, vyenye dari la mviringo, vilivyobaki vya monasteri ya karne ya 18. Ndani yake wameweka nyumba ya makumbusho. Humo unaona mambo ya maisha ya wamonaki wa zamani na habari za kazi yao ya chuma. Mahali pengine wamepanga vyombo vya kutengenezea dawa, na kando ya mabomoko kuna bustani ya majani ya dawa, kila jani na jina lake limeandikwa. Mbele ya bustani ile nilicheka peke yangu. Nilikumbuka nyanya yangu, aliyejua mubirizi na majani mengine mengi kuliko bustani nzima ya Orval, na hakuna aliyeandika hata jina moja kabla hajafa.

Nilidumu sana katika vyumba vile kuliko wenzangu. Vitu vingi humo si vya zahabu. Wangalivitupa, hakuna ambaye angalilia. Lakini mtu fulani aliviokota, akavifuta vumbi, akaandika karatasi ndogo: kitu hiki ni nini, kilitoka wapi. Kazi yote ya nyumba ya makumbusho ni hiyo tu.

Ndugu wapendwa, inchi yetu nayo inajua mabomoko. Mwaka 1954 wamonaki wa abasia ya Scourmont, ndugu za wale wa Orval katika Utrapisti, walianzisha monasteri ya Mokoto, katika milima ya Masisi. Mwezi wa tano 1996 watu waliokimbilia humo wakitafuta usalama waliuawa, na wamonaki walilazimika kuondoka. Waliendelea na maisha yao ya sala upande wa Goma. Sitasema zaidi juu ya hayo, kwa maana katika ukumbi huu kuna watu wanaoyajua vizuri kuliko mimi, na yanawauma. Ninayataja ili mtu asifikiri kwamba kuta zilizochomwa ni mambo ya Wazungu wa zamani tu.

Basi nifike kwenye jambo langu. Kila mtu hapa anajua kanisa letu la kwanza, lile lililo nyuma ya shule, lisilokuwa tena na manjanja. Kisha Yubile, baraza la parokia litakaa kuamua kama kuta zilizobaki zibomolewe, na matofari yatumiwe kwa kuzungushia kiwanja cha masista. Ni shauri la watu wenye akili. Matofari ni gali, na mbuzi wanamaliza mboga za masista. Mimi ni mmoja wa baraza, na mwanzoni nilikuwa nimekubali.

Tena lazima niwaungamie jambo. Nilipokuwa mwalimu kijana, wakati wa kujenga jiko la nyumba yangu, nilikwenda usiku na mkokoteni nikachukua matofari makumi ine katika ukuta wa kanisa lile. Hakuna aliyenikataza. Wengine walikwisha kuchukua mbele yangu, na majina yao sitayataja, wengi wamelala katika makaburi na Mungu anawajua. Miaka miwili iliyopita jiko lile lilianguka kwa mvua. Mjukuu wangu alikuwa akipanga matofari, akaniita: Babu, kuna mguu hapa. Nikatazama. Juu ya tofari moja kuna alama ya mguu wa mtoto, vidole vyote vitano, aliyekanyaga udongo ukiwa bado mbichi, mbele haujaingia katika tanuru.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake waliobeba matofari yale kichwani kutoka tanuru la mtoni mpaka juu ya kilima. Alinisimulia mara nyingi kwamba watoto walikuwa wakikimbia katikati ya matofari yanayokauka, na katekista alikuwa akiwafukuza kwa fimbo. Mtoto yule ni nani? Labda alibatizwa katika kanisa lile. Labda ni mzazi wa mmoja wenu. Labda ni mimi, nilikuwa na miaka mine.

Nilipoliona tofari lile niliwaza vyumba vya Orval na zile karatasi ndogo.

Kwa hiyo, mbele yenu nyote, ninamwomba Baba Paroko na baraza: tusibomoe. Ukuta wa altare usimame jinsi ulivyo. Ile sakristia ya zamani, ambayo kuta zake zote ine ni nzima, tuiezeke kwa manjanja kumi na mawili. Nimekwisha kupima, na ninatoa mawili ya kwanza. Humo tuweke ngoma ya kwanza ya Misa, ambayo leo inakalisha kuku kwa mtu fulani, na kalisi iliyopasuka, na picha za makatekista, na lolote mtakaloleta. Kiwanja cha masista tukizungushie miti, kama baba zetu walivyofanya. Nitakuja mimi mwenyewe kupanda.

Juu ya meza iliyo karibu na mlango nimeweka vitu viwili. Kimoja ni tofari lile. Kingine ni daftari ya kwanza ya Batizo ya parokia hii, ambayo mchwa wamekwisha kula kurasa za mwanzo mpaka namba 61. Kutoka namba 62 majina yanasomeka. Mapadri wageni wetu wakipenda watatusaidia kusoma Kilatini kilichoandikwa pembeni. Beseni ya maji iko pale. Oshesheni mikono na mpanguse vizuri mbele ya kufungua, kwa maana karatasi ni zaifu sana.