Mashine Iliyokaa Sandukuni

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, siku ya kukutana)



Kemia niliisomea Mlimani, lakini Serikali ikanipa kazi ya ugavi. Basi leo mnivumilie, nitachanganya yote mawili.

Mwaka 1852 mwanasayansi George Stokes alieleza jinsi maji yenye kwinini, dawa ile ile chungu tuliyomeza bwenini, yanavyotoa mwanga wa samawati yakimulikwa na mionzi isiyoonekana. Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Kramer wa New York walitangaza kitambuzi cha ajabu: kipande cha vinasaba kilichojikunja kama kisu cha mfukoni, ncha moja ina rangi, ya pili ina kitu cha kuizima. Kikikutana na vinasaba kinavyovitafuta, hukunjuka na rangi ikawaka. Kwa njia hiyo mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, hutambua kifua kikuu katika makohozi kwa saa 2 hivi, na kusema kama vijidudu vimekuwa sugu kwa rifampisini.

Vijana, vitambuzi hivyo tunavinunua nje. Anayetaka kubuni vyake lazima awe na fluorometa ya kupima mwanga huo, na friji isiyozimika. Pale Mbeya, kituo cha NIMR kinafanya utafiti wa kifua kikuu. Hamna sababu ya kuogopa kubisha hodi.

Sasa niungame. Niliwahi kuandika zabuni ya mashine ya namna hii kwa hospitali moja ya nyanda hizi. Ilipanda Kitonga salama. Lakini katika zabuni sikuandika stabilaiza, wala mafunzo ya fundi, wala vipuri. Nilitazama bei tu, na nikasifiwa kwa kubana matumizi! Ilikaa sandukuni miezi 7. Makohozi yakaendelea kusafiri kwa basi. Jibu la mzee mmoja lilirudi siku ya tatu baada ya maziko yake.

Ndugu Mwenyekiti, kamati inapendekeza tuchangie fluorometa ya maabara ya shule. Naunga mkono, ila fomu ina mstari mmoja tu, wa mashine. Nimeongeza mitatu kwa kalamu: stabilaiza, fundi, na kemikali za mwaka wa pili. Jina langu nimeliandika kwenye stabilaiza. Fomu iko kwa Mweka Hazina.