Safari ya Turkana Ihesabiwe kwa Siku

Desemba ikikaribia, wengi wenu, ndugu zangu wa Eldoret na wa Afrika Mashariki yote mnaoishi huku ughaibuni, huwaza kukodi gari lenye vitanda na jiko, kupakia watoto Eldoret na kwenda kulala kando ya Ziwa Turkana. Naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote, ila safari hiyo ihesabiwe kwa siku, si kwa kilomita. Eldoret hadi Lodwar, mji wa kupitia kwenda ziwani, ni takriban kilomita 370, na aliyezoea barabara kuu za Marekani ataona ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na Lodwar ni kama 500 tu. Gari zito huteremka mteremko wa Kamatira kwa gia ndogo, kisha huingia kwenye joto linalotesa tairi na injini. Kabla ya mteremko huo laleni Kitale, mpime upepo wa tairi alfajiri zikiwa baridi, mbebe spea mbili.

Mtaniambia lami imeshafika. Kweli, na ni haki iliyowachelewea mno watu wa Turkana. Hata hivyo, Novemba 2019 mafuriko na maporomoko ya West Pokot yaliua makumi ya watu, yakasomba madaraja na kukata barabara ya Kitale–Lodwar. Laga kavu, yaani mto wa msimu, huweza kujaa jua likiwaka, kwa kuwa mvua imenyesha mbali milimani. Mwenye siku za akiba husubiri maji yapungue. Anayewahi ndege ndiye hujaribu kuvuka. Wengine watasema ramani ya simu inatosha. Lakini mtandao hukatika njiani, na ramani haijui hali ya usalama kati ya Kainuk na Lokichar, ambako magari yamewahi kushambuliwa. Waulizeni polisi na madereva wa malori, na msisafiri usiku.

Maji ya kunywa yabebeni tangu Kitale, kwani ya ziwa yana magadi na floridi nyingi. Visima vya vijijini ni vya watu na mifugo yao. Msichote humo kujaza matangi ya kuogea. Basi, kabla ya kulipia gari, ombeni kazini siku tatu zaidi. Zisipopatikana, mwaka huu ishieni Kapenguria, kabla ya mteremko.