Kusudi la Muuza Tumbaku na Wajibu wa Tabibu



Ada ya kazi yetu ni kuanza na mgonjwa. Akitujia mtu mwenye kikohozi kisichokoma, tunamwuliza avuta sigara ngapi kwa siku, tunampa dawa, tunamnasihi aache. Na akirudi baada ya miezi hajaacha, aghalabu tunamhesabu kuwa mtu dhaifu wa azma. Nimeomba nafasi hii niseme kwamba hukumu hiyo ni dhuluma, na kwamba tabibu anayeitakia haki nafsi ya mgonjwa wake hana budi kuuliza swali la pili, lisilomwelekea mvutaji bali mwuzaji: yeye alikusudia nini? Swali hili limekwisha kuulizwa na tabibu mmoja mbele ya dola kubwa, naye akalitafutia jawabu kwa ushahidi badala ya hasira. Kwa hiyo nitasimulia habari zake kwa kirefu kuliko nitakavyosema juu yetu wenyewe.

David Kessler, tabibu wa watoto aliyehitimu pia katika sheria, alishika uongozi wa Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani mwaka 1990. Sheria ya nchi ile ilihesabu kuwa ni dawa kitu chochote, kisicho chakula, kilichokusudiwa kuathiri umbo la mwili au utendaji wake, na kwa muda mrefu sigara ilikuwa imeepukana na tafsiri hiyo kwa sababu wenye kampuni walishikilia kwamba wao huuza ladha na starehe, na kwamba nikotini imo katika jani kwa maumbile yake tu. Elimu ya utabibu ilikuwa imekwisha kutoa kauli yake: taarifa ya mwaka 1988 ya Daktari Mkuu wa Serikali, C. Everett Koop, ilithibitisha kwamba nikotini huleta uraibu, na kwamba namna uraibu huo unavyojengeka mwilini hufanana na ule wa heroini na kokeini. Lakini athari ni jambo moja na kusudi ni jambo jingine, na sheria ilidai kusudi.

Kessler akawatuma wapelelezi wa idara yake kutafuta kile ambacho kipimo cha maabara peke yake hakiwezi kukionyesha. Miongoni mwa waliyoyapata, hakuna lililo zito kuliko habari ya mbegu iliyoitwa Y-1. Kampuni ya Brown & Williamson ilipoulizwa, mapema mwaka 1994, kama imewahi kuzalisha tumbaku yenye nikotini nyingi, ilikana. Hata hivyo wapelelezi waliambulia ombi la hataza lililoandikwa kwa Kireno, lililotoka Brazil, likieleza mmea ambao majani yake yalikuwa na nikotini kiasi cha asilimia 6, yaani takriban maradufu ya jani la kawaida. Kisha katika hati za forodha wakakuta kwamba shehena ya majani hayo ilikuwa imekwisha kuingia Marekani. Tarehe 21 Juni 1994 Kessler aliyaweka haya yote mbele ya kamati ndogo ya Bunge iliyokuwa chini ya Henry Waxman. Mtu hupanda mbegu, huivusha bahari, huichanganya kwa kipimo ndani ya sigara, kisha asema kwamba nikotini imetokea yenyewe!

Miezi miwili nyuma, tarehe 14 Aprili, kamati hiyo hiyo ilikuwa imewaita wakuu saba wa kampuni kubwa za sigara, wakaapishwa wakiwa wameinua mikono ya kuume, na mmoja baada ya mwingine akatamka kwamba haamini kuwa nikotini huleta uraibu. Mwaka huo huo zikadhihirika nyaraka za siri zilizoonyesha kwamba mwanasheria wa moja ya kampuni zile alikwisha kuandika, tangu 1963, kuwa biashara yao ni kuuza nikotini, na kwamba nikotini humtia mtu uraibu. Kwa miaka 31, basi, ukweli ulikuwa umefungiwa kabatini, na katika muda wote huo matabibu walikuwa wakiwalaumu wagonjwa wao.

Naomba wenzangu walizingatie hili kwa jicho la kazi yetu. Moshi uvutwapo ndani ya mapafu, nikotini hufika ubongoni kabla ya sekunde 20 kutimia, wepesi usiopatikana kwa urahisi hata kwa sindano ya mshipa; amonia inayotiwa katika tumbaku hubadili hali ya nikotini hata ikawa huru zaidi kupenya; na vile vitundu vidogo vya kwenye kichungi cha sigara ziitwazo nyepesi, ambavyo mashine ya kupimia huviacha wazi, vidole na midomo ya mvutaji huviziba. Mgonjwa anayeshindwa kuacha ameshindana na ustadi wa wahandisi na wanakemia walioajiriwa kwa kazi hiyo, na sisi tumemwachia ushindani huo peke yake.

Kwa kuwa alikuwa tabibu wa watoto, Kessler aliona jambo ambalo huenda tabibu wa mapafu angelichelewa kuliona, nalo ni kwamba wavutaji walio wengi huanza kabla ya kutimiza miaka 18, hata akautangaza uraibu wa nikotini kuwa ni maradhi ya utotoni. Ushahidi ulikuwapo tayari. Kampuni ya R. J. Reynolds ilikuwa imeeneza Marekani, tangu 1988, picha ya ngamia mcheshi aitwaye Joe Camel, na uchunguzi uliochapishwa Desemba 1991 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba watoto wa miaka sita walimtambua ngamia huyo karibu sawa na walivyomtambua Mickey Mouse.

Kanuni zilizotangazwa Agosti 1996 zilikusudia kumkinga mtoto: zilikataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18, zilikataza sigara mojamoja, ziliondoa mabango karibu na shule na viwanja vya michezo. Kampuni zikashtaki, na tarehe 21 Machi 2000 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikaamua kwamba Bunge halikuipa idara ile mamlaka hayo. Kessler alikuwa amekwisha kuondoka kazini. Lakini ushahidi haukubatilika kwa hukumu ile, na mwezi Juni 2009 Bunge liliipa idara mamlaka iliyoyakosa.

Hapa kwetu Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku umeridhiwa, na Kenya mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2007 zilikuwa kati ya nchi zilizoutia mkono wa kuridhia. Sina neno dhidi ya mkulima wa tumbaku wa Urambo, aliyefungwa na mkopo wa mbolea kabla jani halijachipua. Neno langu ni juu ya sigara mojamoja inayouzwa dukani kando ya peremende, kwa bei ambayo mwanafunzi huimudu, na juu ya vifuko vyeupe vya nikotini vyenye harufu ya matunda, ambavyo huwekwa chini ya mdomo na havitoi moshi wa kumfichua mtoto kwa mzazi wake.

Nashauri mambo mawili. Kwanza, pasiwe na hospitali wala chuo cha uuguzi kitakachopokea fedha, tuzo au zawadi kutoka kwa wauza nikotini, hata ikiletwa kwa jina la hisani. Pili, katika cheti cha kila mgonjwa mvutaji tuandike maswali matatu: alivuta kwa mara ya kwanza akiwa na umri gani, aliipata wapi, na aliuziwa moja au pakiti nzima. Majibu hayo, yakikusanywa kutoka zahanati nyingi bila majina ya wagonjwa, yatakuwa ushahidi wetu wa kupeleka kwa watunga sheria. Karatasi ya maswali hayo iko kwa katibu. Naomba kila mjumbe achukue nakala yake, ili kikao cha alasiri kiyasahihishe maneno yake kabla hatujaachana.