Marejea na Nyuki Weusi: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata



Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, yaliondoa majani na maua ya asili katika sehemu kubwa ya nyanda za Hanang. Ngano haikuathirika, kwa kuwa hujichavusha yenyewe. Alizeti na mbaazi, ziletazo fedha leo katika nyumba nyingi, huzaa vizuri zaidi zikitembelewa na nyuki.

Nyuki anayehusika hapa si yule wa mzingani. Ni yule mkubwa mweusi atobaye maboriti ya nyumba, ambaye wengi humwua kwa mafuta ya taa. Hana asali ya kurina, hivyo hana mtetezi. Hata hivyo, ndiye mwenye nguvu ya kufungua maua ya jamii ya kunde. Ua la marejea, la manjano, hufumba chavua ndani. Nyuki huyu akitua, uzito wake huisukuma nje ikampaka tumboni.

Marejea ni mmea wa asili wa Afrika. Wabenediktini wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliueneza kwa wakulima kama mbolea ya kijani, kwa maana mizizi yake huongeza naitrojeni udongoni. Hapa pana mvutano usiofaa kufichwa: mbolea bora hupatikana mmea ukikatwa unapoanza kuchanua, ilhali nyuki huhitaji uachwe. Mwenye eneo dogo na aache mstari mmoja tu mpakani, mingine aifukie.

Mbegu hupandwa mvua za masika zinapoanza, kwa kina kifupi, na miche hupaliliwa mapema. Lengo ni maua yake kutangulia yale ya mbaazi, ili nyuki wawe wamekwisha kuzoea shamba. Maganda yakikauka hulia kama kayamba, jambo ambalo watoto hulijua kuliko wazee. Mbegu zivunwe kabla maganda hayajapasuka, wala zisilishwe mifugo.

Kuhusu maboriti, mti uliopakwa rangi haumvutii sana nyuki huyu, na gogo kavu likiachwa ukingoni mwa shamba humpa makazi mengine. Funza wa vitumba wakilazimisha dawa wakati mbaazi zimechanua, ipulizwe jioni, nyuki wakiwa wameyaacha maua.